Idadi ya watu, pato na hewa ukaa: kizigeu kikubwa kina maana gani?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi. Nimechukua takwimu za Tanzania za mwaka hadi mwaka, 1990 hadi 2022: hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe, pato kwa kila mtu, na idadi ya watu. Kwenye regresheni ya logi (hesabu ya kupima jinsi vitu vinavyofuatana kwa asilimia), idadi ya watu imetoka na kizigeu cha 2.1, yaani watu wakiongezeka kwa asilimia 1, hewa ukaa huongezeka kwa asilimia 2.1; pato halina uzito wa kitakwimu, na R mraba, yaani sehemu ya mabadiliko ya hewa ukaa ambayo modeli inaifuata, ni 0.97. Je, niandike kwamba kuzaliana ndiko kunakochafua hewa?

Jibu: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Kwanza fungua ile safu ya idadi ya watu uitazame. Katika miaka yako yote hiyo sensa zimefanyika tatu tu: 2002 tulikuwa milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, 2022 milioni 61.7. Miaka ya katikati hakuna aliyepita mlango kwa mlango. Ni makadirio, ndiyo maana safu inapanda taratibu bila kuyumba, mithili ya kalenda. Basi kila kilichoongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, iwe bodaboda, saruji au umeme wa gesi ya Songo Songo ulioanza 2004, kimejibebesha kwenye kizigeu chako cha watu. Na hiyo 0.97 isikufurahishe. Vitu viwili vinavyopanda pamoja hufuatana hata kama havijuani.

Tazama pia kinachohesabiwa. Mama wa Mbagala anayepikia mkaa hayumo kwenye safu yako ya hewa ukaa, kwa kuwa kuni na mkaa huingizwa kwenye hesabu ya ardhi na misitu. Kipato kikipanda akanunua mtungi wa gesi, safu yako inapanda, ilhali msitu umepumua. Watu hawajaongezeka hapo; kilichobadilika ni jiko.

Mwaka 2006 ukame ulikausha bwawa la kuzalisha umeme la Mtera, tukaingia mgao wa umeme, majenereta ya dizeli yakanguruma mitaani. Mvua haimo kwenye modeli yako kabisa.

Mjapani Yoichi Kaya aliigawa hesabu hii sehemu nne: watu, pato kwa kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha pato hilo, na hewa ukaa iliyomo katika nishati hiyo. Wewe umeweka mbili za mwanzo tu. Inaniuma kusoma tasnifu zinazomtwika lawama mwanamke wa kijijini asiye hata na balbu, kwa sababu tu sehemu mbili za mwisho ziliachwa nje.

Kwa hiyo gawanya hewa ukaa kwa idadi ya watu, tumia mabadiliko ya mwaka hadi mwaka badala ya viwango, kisha ongeza sehemu ya umeme inayotoka kwenye maji. Ukimaliza, kagua mabaki, yaani tofauti kati ya takwimu halisi na makisio ya modeli, ya 2006 na ya 2011, mwaka mwingine wa mgao mkali. Yakibaki makubwa, bado kuna kitu hujakiweka.