Nairobi hadi New York ni saa ngapi angani?

Dada, umeuliza mama atakaa hewani muda gani kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK wa New York. Umbali ni kama kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, ile Kenya Airways walioianzisha Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti hiyo inatokana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki: akienda unampinga, akirudi unamsukuma.

Saa za kwenye tiketi zisikuchanganye. Akiondoka saa tano na nusu usiku, atatua kama saa moja na nusu asubuhi ya huko, maana New York iko nyuma yetu kwa saa 7 (kipindi chao cha baridi huwa 8). Ukihesabu haraka utadhani amesafiri saa 8 tu!

Safari ya kuunganisha ndege Doha au Amsterdam mara nyingi hupita saa 18, na kuna kutafuta geti. Kwa mtu mzima anayesafiri peke yake, mimi ningelipia ya moja kwa moja. Mwombee kiti cha pembeni mwa njia, ainuke kunyoosha miguu.