Kifua kilichogongwa: hesabu pumzi, kisha rudi uhesabu tena

Wenzangu mnaoshika zamu ya usiku mapokezi ya majeruhi, kosa hili nililifanya mwenyewe.

Aliletwa kijana wa bodaboda aliyeparamia lori lililoegeshwa. Alitembea mwenyewe hadi kitandani. "Niko poa dokta, kifua tu kinabana." Ubavuni kulia palikuwa na alama ya duara, kama sarafu ya shilingi 200: ncha ya usukani ilipomgonga. Eksirei ikatoka safi. Kwenye faili nikaandika pumzi 18 kwa dakika. Sikuzihesabu, nilikisia.

Alfajiri mdogo wake akaja mbio: "Dokta, kaka anahema kama katoka kukimbia." Nilipohesabu zilikuwa 36. Mishipa ya shingo imetuna, presha imeshuka, pafu la kulia halisikiki kabisa. Hewa ilikuwa imenaswa kifuani, inalikandamiza pafu, na hali hiyo haisubiri eksirei. Nilichoma sindano nene nafasi ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa, hewa ikatoka kwa mvumo, kisha tukaweka mrija kifuani wa kuitoa. Alipona.

Tangu siku ile nahesabu dakika nzima, mkono wangu ukiwa juu ya kifua, na narudi kila nusu saa. Zikizidi 20 natafuta sababu. Zikifika 30 siondoki hapo. Pafu lililopondeka huendelea kuharibika kwa saa 24 hadi 48, kwa hiyo eksirei ya kwanza isikulaze usingizi. Papasa pia. Ngozi ikichakarika kama mfuko wa nailoni, hewa imevuja. Mbavu za chini zikiuma, fikiria bandama kushoto na ini kulia. Mrija ukitoa mililita 1,500 za damu kwa mkupuo, mwite daktari wa upasuaji papo hapo.

Na maumivu, jamani! Asiyetulizwa maumivu anaogopa kukohoa, makohozi yanaganda, nimonia inaingia. Panadol peke yake haitoshi. Mpe mofini kidogo kidogo huku ukimwangalia. Akikohoa, akumbatie mto. Wengine hufika wamefungwa kanga kifuani kwa nia njema. Ifungue, inamzuia kuvuta pumzi. Mzee aliyevunjika mbavu tatu mimi simruhusu kwenda nyumbani, hata akibembeleza.

Ndugu anayekesha naye namwonyesha kifua kinavyopanda na kushuka, namwambia aje kuniita hata mara kumi.