Fundi akikwambia gesi ya AC imeisha, muulize imeenda wapi

Gesi ya AC haiishi jamani. Naanza na hilo kabisa maana kila mwaka joto la Dar likianza kukaza, Desemba kuelekea Machi, nasikia stori ileile: AC imeacha kupoza, fundi kaja, kagusa bomba, kasema "dada gesi imeisha", kajaza, kachukua hela yake kaondoka, na baada ya wiki kadhaa mnaanza upya. Ile gesi haiungui kama ya kupikia. Inazunguka humohumo, inatoka kompresa, ile pampu ya yuniti ya nje inayoisukuma, inaenda kwenye koili ya nje inaacha joto huko, inarudi ndani inabeba joto la chumba, inatoka tena, basi. AC iliyofungwa vizuri inaweza kukaa na gesi yake ya kiwandani miaka na miaka. Kwa hiyo kama kweli imepungua kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu ambacho kitaondoka tena.

Na mara nyingi hata haijapungua.

Kwangu ilikuwa hivi. Nakaa Tabata, nyumba ina fremu kwa mbele nimeweka saluni, na vyote viwili vinakula mita moja ya LUKU. AC ya chumbani ni ile ndogo ya BTU 12,000, sio inverta, zile zinazoanza taratibu. Mchana inapoza safi kabisa, ila jioni wateja wakijaa saluni inapuliza upepo wa kawaida tu, ukitoka nje unasikia yuniti ya nje inanguruma sekunde chache, tak, kimya, halafu baada ya muda inajaribu tena, tak. Fundi wa kwanza akajaza gesi. Hali ileile. Akarudi akasema basi kompresa imechoka, ninunue nyingine. Mi nikamuuliza, hiyo kompresa iliyochoka inajuaje kwamba saluni kuna wateja? Hakuwa na jibu, akaanza kufunga begi lake.

Shemeji yangu ndo akaniletea baba mmoja mtu mzima, fundi umeme anayefanya na AC pia. Hakugusa gesi. Alikuja na klampu mita, akafungua kifuniko cha yuniti ya nje akaweka ncha za kupimia pale nyaya zinapoingia, akaniambia "binti yangu, hebu kawashe madraya yote". Vitu vikiwa vimezimwa ilisoma volti 224. Madraya yakawaka, AC ikajaribu kuanza, mita ikaporomoka mpaka 180 na kitu, ikanguruma, tak. Akaniita nione mwenyewe. Halafu akahamia kwenye meni swichi tukarudia zoezi lilelile na pale haikushuka chini ya 216. Hapo ndo kila kitu, na hicho kipimo naomba ukikariri: umeme unaoingia nyumbani uko sawa ila ukifika kwenye AC umepungua, maana yake unapotelea njiani, ndani ya nyaya zako mwenyewe. Ungekuwa umeshuka hata pale meni swichi na nyumba nzima imezimwa, hiyo sasa tatizo linatoka nje na fundi wako hana la kufanya, unatoa taarifa TANESCO.

Tukafuata laini. Aliyefanya waringi ya fremu hakuvuta waya kutoka meni swichi, alichofanya ni kuchuna ule wa AC juu ya dari na kuunga hapo, tena waya wenyewe wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba), ule wa taa. Alipofungua boksi la maungio harufu ikatoka kwanza. Nyaya zimesokotwa kwa mkono zikazungushiwa tepu nyeusi, tepu imeyeyuka ikagandana na boksi, na waya mwekundu umekuwa kahawia, mgumu, ukiukunja kidogo ganda lake linavunjika vipandevipande. Piga hesabu: draya mbili za kofia wati 1,000 kila moja na ya mkono wati 2,000, jumla 4,000, gawa kwa 230 unapata ampia 17 na ushee, na AC bado haijaanza. Kompresa ya kawaida ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka, kwa hiyo ikikuta volti zimelala haiwezi kujitoa, inanguruma mpaka kinga yake ya joto inakata. Ndo ile tak. Na kwa nini breka haikukata siku zote hizo? Kwa sababu laini ile iliwekewa breka ya 32A. Breka ipo kulinda waya, sio kulinda AC, ukiweka kubwa kuliko waya unavyobeba basi waya wenyewe ndo unageuka fyuzi, juu ya dari yenye mbao. Fundi yeyote anayekwambia "breka inakatakata, tuweke kubwa kidogo" mshukuru kwa heshima umsindikize getini.

Akavuta laini mpya ya AC peke yake kutoka meni swichi, waya wa 4, breka ya 20A, na swichi ya kuzimia karibu na yuniti. Fremu nayo ikapewa laini zake. Kompresa ile "iliyochoka" inazunguka mpaka leo.

Sasa turudi kwenye AC zenu. Kabla hujampigia mtu, vua filta uiangalie. Kwa vumbi letu, hasa kama barabara ya mtaani sio ya lami, filta inataka kuoshwa kila baada ya wiki mbili hivi, maji ya bomba tu, ikaukie kivulini, urudishe. Filta ikiziba hewa haipiti, koili ya ndani inapoa kupita kiasi mpaka inaganda barafu, halafu unaona bomba jembamba au lile nene lina barafu na mtu anakwambia gesi. Barafu inaweza kuwa gesi kupungua kweli, ila inaweza kuwa uchafu pia, na uchafu unauondoa bure kwa hiyo anza nao. Koili ya nje nayo ioshwe, zima kwanza kule kwenye breka sio kwa rimoti, na usikubali waje na pampu ya kuoshea magari, presha ile inalaza yale mabati membamba na hewa haipiti tena. Walioko karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach na huko kote, chumvi inatafuna ile koili, waioshe mara nyingi zaidi. Maji kudondoka ndani ya chumba kwa kawaida ni kibomba cha kutolea maji kimeziba, gesi haihusiki.

Ikinguruma bila kuanza na volti ziko sawa, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kidude cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Fundi aipime mbele yako, thamani yake imeandikwa ubavuni kwa maikrofaradi. Wewe usitie vidole humo, kapasita inatunza umeme hata ukiwa umeshazima kila kitu.

Na ikithibitika kweli gesi imepungua? Mwambie akuoneshe inapovuja. Mara nyingi ni kwenye zile nati zinazounga mabomba ya kopa, utaona kama mafuta mafuta hivi, na povu la sabuni litachemka. Afunge tundu, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndo ajaze, aina ileile iliyoandikwa kwenye lebo ya yuniti ya nje (R22, R410A au R32, hazichanganywi hata kidogo) na kwa uzito ulioandikwa palepale kwa gramu au kilo. Mizani. Fundi wa R410A asiye na mizani anabahatisha, maana ile ni mchanganyiko wa gesi mbili. R32 inashika moto kidogo, kwa hiyo asiwe anachomelea bomba ambalo bado lina gesi huku anavuta sigara, nimeona hiyo kwa macho yangu kwa jirani.

Wa mikoa ya baridi msinicheke, mdogo wangu yuko Arusha na shawa yake ya maji moto ilikuwa hadithi hiihii upande wa pili. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24, hiyo inataka waya wa 6 na laini yake, na lazima erthi iwe ya kweli, pamoja na ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kwake waya wa erthi ulikuwepo, umefungwa vizuri kabisa kwenye shawa, ila upande wa pili ulikuwa unaning'inia darini haujaungwa popote. Ukisikia bomba linakutekenya mkononi wakati unaoga, toka humo bafuni, zima, usiwashe tena mpaka fundi apime.

Vifaa nenda kanunue mwenyewe au mwende wote. Kuna nyaya zimepakwa kopa kwa juu tu ndani ni aluminiamu, kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe rudisha. Fundi muulize leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, asichukie, ni kitu cha kawaida. Na umeme unaopotea kwenye waya mbovu unaulipia wewe, kwa sisi wa tarifu 1, ya matumizi ya kawaida, shilingi elfu 10 ni uniti kama 28 tu, na kompresa inayohangaika bila kukata inamaliza uniti moja na kitu kila saa.

Kazi ikiisha usitoe hela kwanza. Washa kila kitu ndani, pasi, jagi la umeme, madraya kama unayo, halafu mwambie apime volti palepale kwenye AC wakati inaanza, na wewe umesimama pembeni unasoma.