Barua kwa mwanangu: Bi Kizingiti alikuwa nani

Mwanangu mpenzi,

Ijumaa uliponiuliza lile swali kwenye simu nilikujibu nusunusu, nikakata kwa kusingizia mgeni. Mgeni hakuwepo. Kilio kilinishika, nikaona heri nikae niandike, maana jambo lenyewe si la kwenye simu.

Uliuliza hivi: zile siku za mwisho za bibi yako, alipokuwa hatutambui hata sisi wanawe, huyo Bi Kizingiti aliyekuwa akimwita usiku kucha ni nani? Na mbona kila akifumbua macho alisema, "Mwambieni maji yamepoa"? Wewe ulidhani ni jamaa yetu wa shamba ambaye hukuwahi kumjua. Shangazi yako alidhani ni homa tu inamsemesha.

Bi Kizingiti alikuwa Mwingereza, mwanangu. Alikuwa jirani yetu Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, mlango wa pili kutoka kwetu. Jina lake la kweli bibi yako hakulitamka hata siku moja.

Safari yetu ya kutoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 nimekusimulia mara nyingi, siirudii. Tulifika Portsmouth mwaka 1966, mimi nina miaka mitano. Babu yako, aliyekuwa karani wa serikali hapa, kule alipata ukonda wa basi. Tukapanga nyumba kwenye mtaa wa wafanyakazi wa chelezo cha manowari, pale zinapotengenezwa meli za kivita. Mji ule uko kisiwani, na hilo lilimfariji sana bibi yako. Alisema mtu wa kisiwa akihamia kisiwa hajapotea sana.

Nyumba zilikuwa za matofali, zimeshikana ukuta kwa ukuta, safu mbili zinatazamana, na mlango ukiufungua umeshafika njiani. Baraza hakuna. Choo kiko uani, nje, na usiku wa baridi kwenda huko kulikuwa adhabu. Jirani akikohoa unamsikia, akigombana na mumewe unamsikia zaidi. Katikati ya safu yetu palikuwa na pengo la nyumba tatu zilizoangushwa na bomu la Wajerumani wakati wa vita. Usiku wa tarehe 10 Januari 1941 mji ule uliungua mpaka jumba kubwa la halmashauri likabaki kuta tupu. Ilikuwa imepita miaka 25 na pengo letu bado liko vilevile, limeota magugu, na sisi watoto ndiyo ilikuwa skuli yetu ya pili. Jioni chelezo kikitoa watu, wanaume walimwagika langoni kwa maelfu, wote juu ya baiskeli, na mtu wa kutaka kuvuka njia asimame angoje.

Majina ya Kiingereza yalimshinda bibi yako, na lake liliwashinda wao. Basi akawapa yake. Mzee Baiskeli alikuwa fundi wa mabomba kwenye manowari. Bi Pazia alikuwa yule wa ng'ambo ya njia ambaye pazia lake lilitikisika kila mtu akipita. Mama Saba unajua mwenyewe kwa nini. Ndani kwetu tuliyatumia majina hayo mpaka tukasahau kwamba si ya kweli. Nje, sisi watoto tulimwita kila mwanamke "Anti" na kila mwanamume "Ankoli", wawe jamaa wasiwe jamaa, kwa sababu ndivyo watoto wa Kiingereza wa mtaa ule walivyofanya. Siku bibi yako alipolisikia hilo alifurahi kweli. "Kumbe na wao wana adabu zao," akasema.

Na Bi Kizingiti aliitwa hivyo kwa sababu kila alfajiri, isipokuwa Jumapili, alipiga magoti njiani mbele ya mlango wake akasugua kizingiti. Nikifumba macho namwona. Chini ya magoti kipande cha gunia, kushoto ndoo ya maji inayofuka moshi, mkononi brashi ngumu ya mti. Anasugua jiwe, kisha anasugua nusu duara ya njia mbele ya jiwe, upana wa mkono wake unapofika, hapiti hapo. Jiwe likikauka analipaka dawa nyekundu analing'arisha kwa kitambaa mpaka unaona kivuli chako. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Alikuwa mjane, mumewe alikuwa baharia wa manowari na hakurudi vitani, na tangu msichana alishona kwenye kiwanda cha vile vibana kiuno vya wanawake. Portsmouth ilikuwa na viwanda vingi vya aina hiyo. Wake na wajane wa mabaharia ndio waliovijaza.

Sitaki nikupambie. Mwaka wa kwanza Bi Kizingiti hakuwa mtu wetu. Alimwambia babu yako kwamba harufu ya samaki wetu inampandia chumbani, kwa hiyo tufunge madirisha tukikaanga. Alimjibu bibi yako salamu kwa kichwa tu. Hakuwahi kuomba radhi kwa mwaka ule, wala bibi yako hakuidai.

Kisha ikaja Aprili 1968. Wiki ile redio na magazeti yalijaa hotuba ya mwanasiasa mmoja juu ya wageni, na babu yako alikuwa akirudi kazini amenyamaza. Asubuhi moja alifungua mlango aende zamu ya alfajiri, akarudi ndani, akamwambia bibi yako asituache tutoke. Mlango wetu ulikuwa umepakwa maneno. Siyaandiki hapa. Rangi ilikuwa imemiminika mpaka kwenye kizingiti na kuganda.

Rangi yenyewe ndiyo iliyomuumiza bibi yako kuliko maneno, kwa sababu maneno hakuweza kuyasoma. Ilikuwa ya kijivu, ile rangi ya manowari. Mtaa mzima ulikuwa na rangi ile, mwanangu! Kila fundi wa chelezo alikuwa na kopo lake nyumbani, na milango ya uani, mageti, hata vibanda vya njiwa vilipakwa kwayo. Kwa hiyo aliyeandika angeweza kuwa yeyote. Angeweza kuwa Mzee Baiskeli. Angeweza kuwa kijana wa Mama Saba ambaye jana yake alinisukumia bembea. Hatukujua siku ile, na hatujajua mpaka leo.

Babu yako ilimbidi aende kazini. Bibi yako akakaa kwenye ngazi za ndani, khanga kichwani, na sisi tumemzunguka. Ndipo tukasikia brashi. Kwaru, kwaru, kwaru. Nilichungulia kwenye tundu la barua nikaona kichwa cha mvi kimeinama.

Bibi yako alipofungua, Bi Kizingiti alikuwa amepiga magoti mlangoni petu juu ya gunia lake, na chupa ya mafuta ya taa pembeni. Hakuinua uso. Bibi yako alishikwa na haya isiyo na mfano. Kwa mila zetu mwanamke wa umri ule hakupigii magoti mlangoni. Wewe ndiye unayemshika mkono akae. Alijaribu kumwinua, mama wa watu akautoa mkono wake, akaendelea. Akajaribu kumpokonya brashi, hakuipata. Kulikuwa na baridi, na ndoo ilikuwa imeacha kufuka moshi. Bibi yako akachovya kidole, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu hakuwa na lugha nyingine: "Maji yamepoa."

Bi Kizingiti akamtazama, akasukuma ndoo mbele.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi asubuhi nzima. Mmoja anasugua, mwingine anachemsha birika, anamimina, anachovya kidole, anasema maji yamepoa, ndoo inasukumwa. Mara ya nne au ya tano bibi yako alirudi na brashi ya jikoni kwetu, akakunja khanga, akapiga magoti ubavuni mwake. Pazia la ng'ambo lilikuwa likitikisika wakati wote. Mchana mlango ulikuwa umebaki mbao tupu, na kizingiti chetu, kwa mara ya kwanza, kimepakwa dawa nyekundu.

Tangu siku ile hayo maneno mawili yakawa ndiyo Kiswahili chote cha Bi Kizingiti. Aliyatamka kwa lafudhi yake, "maaji yamepowa," na aliyatumia kwa kila kitu. Chai ikipoa, maji yamepoa. Mvua ikinyesha siku ya kuanika nguo, maji yamepoa. Mama Saba akinuniana na mumewe, Bi Kizingiti alimnong'oneza bibi yako vivyo hivyo, na bibi yako akacheka mpaka akashika ukuta.

Ukaribu wao haukuwa wa maneno, ulikuwa wa mikono. Alimtafutia bibi yako kazi ya kushona nyumbani, akamfundisha mshono wa kiwandani. Sisi tukitoka skuli na bibi yako hayupo, tulikwenda kwa Bi Kizingiti. Nyuma ya mlango wake ufunguo ulining'inia kwenye kamba. Unatia mkono kwenye tundu la barua, unavuta, unafungua. Mtaa mzima ulijua kamba ile ipo. Nakumbuka jikoni kwake makaa yakiwaka na mkate uliopakwa mafuta ya nyama iliyochomwa. Bibi yako aligundua mafuta yale yalikuwa ya nguruwe, akaeleza kwa ishara, na kuanzia kesho yake kila mmoja wetu akakuta wake umepakwa jemu.

Na usidhani sisi ndio tuliokuwa tukipewa tu. Shilingi ya Kiingereza ilikuwa na peni 12, na pauni moja ilikuwa peni 240. Bibi yako, aliyekulia kwenye shilingi ya senti 100, aliteseka nayo miaka mitano. Kisha tarehe 15 Februari 1971 Waingereza wakaibadilisha, pauni ikawa na peni 100. Sasa wazee wa mtaa ndio waliochanganyikiwa, wakiamini kila duka linawaibia. Bi Kizingiti alikuja jioni, akamwaga pochi yake juu ya meza yetu. Bibi yako akazipanga sarafu mafungu mafungu, kumi kumi, kama anavyopanga muuza ndimu sokoni. Kufika Jumamosi Bi Pazia naye alikuwa mezani petu, yule yule wa pazia, na pochi yake.

Mwaka uliofuata wachimba makaa ya mawe waligoma, umeme ukawa unakatwa kwa zamu, na mtaa ukashikwa na kiza. Bibi yako alikuwa mtulivu kuliko wote. Kiza kwake kilikuwa kitu cha kila usiku tangu utotoni. Aliwasha kandili, akachemsha chai ya maziwa yenye hiliki, na watu wakaja na vikombe vyao.

Babu yako alifariki Januari 1974, ghafla, moyo. Siku ya maziko, kabla gari halijafika, bibi yako alichungulia nje akaona kila nyumba imefunga mapazia ya mbele, safu zote mbili, mchana kweupe. Alipiga ukelele. "Hata leo wanatufungia!" Alidhani wametutenga. Bi Kizingiti alikuwa ndani nasi, hakuelewa kilio kile kimetoka wapi, mpaka kaka yangu alipomfasiria. Akaenda dirishani akalifunga na letu, taratibu, akatuambia kwamba mtaa ukifiwa ndivyo unavyofanya. Gari lilipopita wanaume walisimama pembezoni mwa njia wamevua kofia. Mzee Baiskeli alikuwa ameshika baiskeli yake kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine, machozi yanamtiririka. Bibi yako alimtazama, na najua alikuwa akiiwaza ile rangi. Akamwinamishia kichwa.

Walikuwa wamepita mlango kwa mlango wakichanga pesa za shada la maua. Kaka akaeleza kwamba sisi hatuweki mashada. Bi Kizingiti akashika bahasha ile ya sarafu akifikiri. Kisha akaenda chini ya ngazi kwenye mita ya gesi, akaanza kuzitumbukiza moja moja. Nazisikia bado zikianguka. Nyumba yetu ilikuwa na moto siku zote za matanga.

Mtaa ule ukienda leo huupati. Halmashauri iliuvunja, kama ilivyovunja mitaa mingi ya jirani, na watu wakahamishiwa Leigh Park, nje ya mji, nyumba mpya zenye bafu na choo ndani. Bi Kizingiti alipewa ghorofa ya tatu. Choo ndani alikipenda. Lakini mlango wake ulifungukia ukumbi wa saruji unaosafishwa na mtu wa halmashauri, hapakuwa na kizingiti cha kusugua. Kila Jumapili bibi yako alipanda basi kwenda kumwona, mpaka Bi Kizingiti alipofariki. Mzee Baiskeli naye alihamia huko. Mwaka 1982 alikuwa ameambiwa kwamba kazi za chelezo zinapunguzwa, kisha vita vya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falklands vikazuka, akafanya kazi usiku na mchana pamoja na wenzake kuzitayarisha meli, na tarehe 5 Aprili zikaondoka. Alimwandikia bibi yako kadi kila Idi, maisha yake yote.

Kwa hiyo bibi yako hakuwa akiweweseka, mwanangu. Nadhani alikuwa amepiga magoti mlangoni pale.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja nilikuwa na miaka 19. Walikaa dirishani Leigh Park, hawasemi kitu, khanga ya bibi yako imewafunika wote wawili magotini. Bi Kizingiti alikuwa haoni vizuri tena. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akainua uso upande wa bibi yako akasema yale maneno yake, na bibi yako akainuka kwenda kuchemsha mengine.

Mamako