Shangazi Msafiri anajibu: Siku moja Florence, fundi aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi mwashi hapa Igoma, Mwanza. Mwezi wa kumi nakwenda Roma na kundi la hija la parokia yetu, na siku moja tumeachiwa kila mtu apange yake. Mimi nimeamua niende Florence. Jirani aliyewahi kufika huko kaniandikia sehemu kumi na moja. Nitazimaliza?
– Fundi wa Igoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huzimalizi, na nakuomba usijaribu. Ningekuwa wewe, siku hiyo ningempa mtu mmoja: Filippo Brunelleschi, sonara aliyegeuka mjenzi, akasimamisha kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore kati ya mwaka 1420 na 1436.

Kuba hilo lina upana wa meta 45 hivi, na linaanzia zaidi ya meta 50 kutoka sakafuni. Wewe unajua kazi: tao lolote kwanza unalisimamishia mbao za kulishikilia, likikauka unazitoa. Kwa ukubwa ule, mbao za kutoka chini hadi juu zingetoka wapi? Brunelleschi akajenga bila hizo. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine. Katika kila kozi, kati ya matofali ya kulala, akachomeka mengine ya kusimama, na mistari yake ikapanda kwa kuzunguka, ili tofali jipya libanwe lisiteleze kabla chokaa haijashika. Waitalia mpango huo wanauita *spina di pesce*, mwiba wa samaki. Mtu wa Mwanza haelezwi zaidi: ni sato aliyekwisha kuliwa, amebaki mgongo wake sahanini.

Na utauona kwa karibu, maana ngazi zinapita katikati ya hayo makuba mawili. Ziko 463, lifti hakuna, na kuna mahali mabega yanakaribia kugusa kuta zote mbili. Niliposimama kuvuta pumzi niliweka kiganja ukutani, tofali lilikuwa la baridi kama jiwe la Bugando alfajiri. Nikawaza mikono iliyolipanga pale.

Sasa tiketi. Safari yangu ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, nikarudi Roma nimeliona kuba kwa nje tu, na hadi leo siku ile inaniuma. Ndani ya kanisa unaingia bure, lakini kupanda kuba lazima uwe na tiketi yenye siku na saa yake. Inunue mtandaoni kabla hujaondoka Mwanza. Soma saa vizuri: wakiandika 10 ni saa nne yetu asubuhi. Mwenzetu mmoja aliona 8, akajua ni saa nane mchana, zamu yake ikampita. Jumapili iache, ni siku ya ibada. Mabega na magoti yafunikwe.

Treni ya kasi kutoka Roma Termini ni saa moja na nusu hivi. Shuka Santa Maria Novella, si kituo kingine chenye jina Firenze, ndivyo wenyewe wanavyouita mji wao. Hapo kanisani unafika kwa miguu.

Ukishuka kuba, tiketi hiyohiyo inakuingiza makumbusho ya kanisa, Opera del Duomo. Kaa humo. Kuna kapi na zana za ujenzi wa kuba, na vielelezo vya mbao. Chakula cha mchana tafuta kibanda cha *lampredotto*: ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa likalainika, linatiwa ndani ya mkate. Aliyezoea supu ya utumbo hatashangaa.

Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iko kwenye jumba la sanaa la Accademia. Usipange foleni, nakala yake imesimama wazi kwenye uwanja wa Piazza della Signoria, hailipiwi. Ponte Vecchio pita ukiwa na muda: daraja la 1345, na tangu 1593 maduka yake ni ya masonara, baada ya wauza nyama kuondolewa.

Kabla ya treni ya jioni rudi kanisani, upande wa kusini. Brunelleschi yuko pale, sanamu ya mawe, ameketi, mchoro wa kuba magotini, uso ameuinua kuitazama kazi yake. Simama karibu naye, utazame anapotazama.