Mdogo wako aanzie darasa la wazi, matamasha makubwa yatamsubiri

Mkuu, umesema mdogo wako ni mpiga kinanda wa kwaya parokiani, amepata nafasi ya kusoma uhasibu Chuo Kikuu cha Indiana kule Bloomington, na ameona ratiba ya msimu ya shule ya muziki ya chuo hicho imejaa maonyesho ya piano na madarasa ya wazi ya walimu wageni, yaani yale ambayo mwanafunzi anapiga na mwalimu anamrekebisha mbele ya watu. Unauliza kama asiyesoma muziki anaruhusiwa kuingia, gharama ikoje, na hayo madarasa yatamfaa nini mtu wa kinanda cha kanisani. Mchangiaji mmoja ameshakujibu kwamba asubiri wageni wenye majina makubwa, mengine hayana maana. Hapo mimi napingana naye, na nitaeleza kwa nini.

Nilikaa Bloomington nikisoma afya ya jamii huku nikisaidia kufundisha Kiswahili, maana chuo hicho Kiswahili kinafundishwa. Nyumbani nilikuwa napigia kwaya kinanda, nota nasoma kwa kusuasua. Kwa hiyo hapa anaongea msikilizaji tu.

Kuruhusiwa, anaruhusiwa. Shule ya muziki ya chuo hicho, Jacobs, hufanya maonyesho zaidi ya 1,100 kwa mwaka na mengi ni bure. Opera na baleti za ukumbi wa Musical Arts Center zina tiketi, lakini maonyesho ya wanafunzi na sehemu kubwa ya yale ya walimu unasukuma mlango unaingia. Mimi sikuwahi kuulizwa kitambulisho. Utakuta wastaafu wa mjini wanahudhuria zaidi kuliko wanafunzi wenyewe, wana viti vyao wanavyovipenda, ole wako uwakalie.

Wingi huo una sababu. Anayesoma piano hapati shahada kwa mitihani ya karatasi peke yake, lazima asimame mbele ya watu na kupiga onyesho zima. Wa shahada ya kwanza anadaiwa, wa uzamili anadaiwa, wa uzamivu anadaiwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana kila muhula unapokaribia kuisha, hasa Aprili, maonyesho yanagongana kwa siku moja, moja likiisha jingine linaanza ukumbi wa jirani. Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti hadi Desemba, wa pili Januari hadi mwanzoni mwa Mei. Mdogo wako akifika Agosti asishangae ratiba ikiwa na nafasi nafasi, Oktoba itakuwa imechangamka.

Kumbi ambazo atazisikia sana ni Auer Hall, wenye viti kama 400 na kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa na kampuni ya C. B. Fisk, kisha Ford-Crawford Hall ambao ni mdogo, na Recital Hall. Mimi naupenda ule mdogo. Ukikaa safu za mbele unasikia hadi mpigaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza.

Wageni wakubwa wanakuja, sikatai. Na walimu wa piano wa pale nao wamekuwa watu wazito miaka mingi. Menahem Pressler, mzaliwa wa Magdeburg, Ujerumani, aliyekimbia Wanazi yeye na familia yake, alifika Bloomington mwaka 1955 akidhani ni kwa muhula mmoja. Alibaki. Mwaka huohuo lilianza kundi lake la watu watatu, Beaux Arts Trio, lililodumu hadi 2008, na mwenyewe alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 99. André Watts, ambaye baba yake alikuwa Mmarekani mweusi na mama Mhungaria, Januari 1963 akiwa na miaka 16 alipiga konserto (kazi ya piano na okestra) ya kwanza ya mtunzi Liszt na okestra ya New York Philharmonic chini ya kondakta Leonard Bernstein, nchi nzima ikamjua. Alianza kufundisha Jacobs mwaka 2004 na alifia Bloomington Julai 2023. György Sebők alifundisha pale tangu 1962 hadi kifo chake 1999, na kozi zake za kiangazi katika kijiji cha Ernen, Uswisi, alizoanza 1974, ndizo zilizozaa tamasha linaloendelea kijijini hapo hadi leo.

Mtu kama huyo akipiga saa moja na nusu, mdogo wako atatoka amefurahi. Atasema jamaa anapiga. Lakini ukimuuliza kesho yake amepata nini cha kupeleka kwenye vidole vyake, atakuangalia tu. Muziki uliokamilika hauonyeshi ulivyotengenezwa. Darasa la wazi linaonyesha. Ni kama kukaa kwa fundi cherehani ukimwona anafumua mshono mbele ya mwenye nguo.

Utaratibu wake wenyewe ni wa zamani. Liszt aliufanya Weimar, Ujerumani, kila kiangazi kuanzia 1869 hadi 1886 alipofariki, bila kutoza ada: wanafunzi wanaweka nota zao juu ya piano, mzee anapekua, anachomoa moja, mwenyewe anakwenda kupiga mbele ya wenzake wote. Siku hizi wapigaji wanachaguliwa mapema na walimu wao, kwa kawaida watatu au wanne kwa kipindi cha saa mbili hivi. Jukwaani kuna piano mbili. Mwanafunzi anapiga kazi yake yote bila kukatizwa, watu wanapiga makofi, mwalimu anasogea, na hapo ndipo kazi inaanza.

Ngoja nikupe mfano. Kuna siku binti mmoja alipiga sonata (kazi ndefu ya piano yenye sehemu kadhaa) ya Beethoven opus 53, yaani kazi yake namba 53, ile iitwayo Waldstein, iliyotungwa 1803 na 1804. Mwanzo wake ni sauti kadhaa za chini zinazopigwa pamoja, zinarudiwarudiwa haraka, na Beethoven ameandika zipigwe kwa sauti ndogo kabisa. Binti alizipiga vizuri, kwa masikio yangu hapakuwa na kasoro. Mwalimu akamwambia arudie sauti ya juu peke yake. Halafu ya chini peke yake. Halafu zote, ila ile ya chini iwe nzito kidogo kuliko nyingine. Ukumbi mzima ulisikia tofauti: mwanzo ilikuwa kelele ndogo ya kugongagonga, sasa ikawa kitu kinachotembea.

Mtu wa kwaya analielewa hilo kuliko anavyojidhania. Sisi tumekulia kwenye soprano, alto, teno na besi. Tunajua alto wakizidi wimbo unapotea, na besi wakilala wimbo unaelea. Mpiga piano anabeba waimbaji wote wanne kwenye mikono miwili, na kazi yake ni kuamua nani asikike na nani akae nyuma, ndani ya mkono uleule, kidole hiki kizito kile chepesi. Kwenye kinanda changu cha parokiani, chenye vitufe 61 na ile midundo ya kubonyeza, jambo hilo halikuwahi kunijia kichwani. Unabonyeza, kinalia.

Piano haiko hivyo. Kila kitufe kati ya 88 kinarusha nyundo, nyundo inaachia kabla haijafika kwenye waya, na kuanzia hapo huna mamlaka nayo tena. Ulichonacho ni mwendo tu uliouanzisha kwa kidole. Ukibonyeza kwa kukaza baada ya sauti kutoka, unajichosha bure. Niliona mwalimu akimshika mwanafunzi kiwiko na kumwambia aache kuendelea kubonyeza sauti iliyokwisha kulia. Kijana akalegeza bega, na sauti iliyofuata ikawa pana zaidi.

Turudi kwa yule binti. Sehemu ya mwisho ya sonata ile Beethoven mwenyewe ameandika alama za pedali ya kulia, ile inayoacha waya ziendelee kulia, ikae chini muda mrefu, hata pale sauti za besi zinapobadilika, kwa hiyo muziki unachanganyikana kama ukungu. Tatizo ni kwamba piano za wakati wake sauti ilikufa upesi, na hizi za leo, mfano Steinway modeli D yenye urefu wa sentimita 274, waya zinalia na kulia. Ukimtii Beethoven neno kwa neno unapata matope. Ukiinua pedali kila sauti ikibadilika unapata usafi ambao mwenyewe hakuutaka. Mwalimu hakutoa jawabu. Alimwonyesha kushusha pedali nusu, kisha robo, kisha kuitetemesha kwa unyayo, akamwachia achague mwenyewe, na kila alipojaribu sisi tulisikia alichokuwa anachagua. Hicho ndicho kitu ambacho onyesho la mgeni mashuhuri halitakupa, maana yeye alishachagua nyumbani kwake.

Mfano mwingine mfupi, huu mwambie kabisa. Ile nokturni (wimbo mtulivu wa piano) ya Chopin, opus 9 namba 2, hata wasiojua Chopin wameisikia. Mwanafunzi alikuwa anavuta wimbo kwa mkono wa kulia, anachelewa, anawahi, na mkono wa kushoto unamfuata kila anakokwenda. Mwalimu alimsimamisha. Chopin, kwa walivyosimulia wanafunzi wake, alitaka mkono wa kushoto uwe kiongozi wa kwaya: wimbo unaweza kujivuta na kujiachia, lakini kiongozi hayumbi. Mimi kule nyuma nilicheka peke yangu. Nani kati yetu hajawahi kumfuata mwimbaji wa solo anayejisikia hadi kwaya nzima ikapotea njia?

Sitaki nikuuzie mbuzi kwenye gunia. Si kila darasa la wazi lina maana. Wapo wageni wanaogeuza lile jukwaa kuwa la hadithi zao, nusu saa inaisha mtoto wa watu amekaa kwenye kiti mikono mapajani. Wapo pia wanaotaka kuchekesha kwa gharama ya mwanafunzi. Akikutana na wa hivyo anyanyuke watu wakipiga makofi, aende zake, hakuna atakayemuuliza. Kwa uzoefu wangu wanaofundisha kila siku ndio wanaotoa darasa zuri kuliko wanaoishi kwa kuzunguka dunia.

Ushauri wa vitendo. Ratiba mara nyingi inataja kazi zitakazopigwa. Kazi nyingi za zamani nota zake ziko mtandaoni bure kisheria kwa sababu haki miliki zilishaisha, na maktaba ya muziki ya pale, Cook Music Library, ni miongoni mwa maktaba kubwa za muziki za vyuo Marekani, nayo iko jengo moja na Auer Hall. Azipate, asikilize kazi hiyo kabla, aende na penseli. Hata kama hawezi kuipiga, ataweza kufuata kwa jicho mwalimu akisema turudi pale. Na akae upande wa kushoto wa ukumbi akilitazama jukwaa, ndiko mikono inakoonekana. Wa kulia wanaona uso tu.

Adabu za ukumbini hazina mambo mengi. Sonata kwa kawaida ina sehemu tatu au nne, makofi ni mwishoni. Asipojua imeisha au la, asubiri wale wastaafu. Akichelewa, anangoja nje hadi kazi moja iishe. Simu izimwe kabisa. Suti haihitajiki, watu wanaingia na majaketi ya baridi na mabegi ya shule. Kikohozi cha Februari kinamkuta kila mtu, kwa hiyo awe na pipi mfukoni, ila aimenye kabla muziki haujaanza, yale makaratasi yanasikika vibaya mno.

Kupiga mwenyewe kwenye darasa la wazi asitegemee, nafasi hizo ni za wanafunzi wa piano. Ila Jacobs ina masomo ya muziki kwa wanafunzi wa fani nyingine, aulize mapema anapojiandikisha. Kuhusu piano ya kufanyia mazoezi, mimi nilikwenda kanisani nilikokuwa nasali, nikaomba kwa mlezi wa kwaya, nikapewa saa za mchana siku za kazi. Nikawa nawapigia na wao Jumapili mpigaji wao akisafiri, ndiyo ikawa kodi yangu.

Tena hana haja ya kungoja visa. Maonyesho mengi ya pale hurushwa moja kwa moja mtandaoni bila malipo kupitia ukurasa wa shule uitwao IUMusicLive. Tatizo ni saa tu. Onyesho la saa mbili usiku Bloomington ni saa tisa usiku kwetu, na wakishabadilisha saa zao mwanzoni mwa Novemba linakuwa saa kumi alfajiri. Atafute yale ya Jumamosi na Jumapili ya saa kumi na moja jioni kwao, ambayo kwetu yanaanza saa sita usiku hadi Oktoba. Avae visikilizio vya masikioni, spika ya simu inaua besi yote.