Kabla hujalipia hoteli Zanzibar, uliza maji yanajaa saa ngapi

Likizo ya Juni ikikaribia, ndugu na jamaa wa bara huanza kunitumia picha za hoteli za Unguja wakitaka niwachagulie. Picha zote ni zile zile: mchanga mweupe, mnazi umeinama, maji ya kijani yamefika hadi kwenye ngazi. Kabla ya kuuliza bei, mimi huuliza siku hizo mwezi utakuwa mpevu au mchanga. Wengi hudhani natania.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe, na kati yake maji ni mafupi. Yakipwa, bahari inaondoka kweli kweli. Mnabaki na uwanda wa mchanga, madimbwi na mashamba ya mwani, na baba aliyelipia "chumba kinachotazama bahari" anabaki kuutazama mchanga.

Karibu na mwezi kuandama na mwezi kuwa mpevu, siku za bamvua, maji hukauka kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, kisha hujaa saa 10 au 11 jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa asubuhi, ila hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku mabadiliko husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya programu ya simu. Akiona tarehe 1 au 15 anajua bamvua imefika, na akiona 8 au 22 anajua ni maji mafu.

Sasa chagueni kwa umri wa watoto. Kama wengi ni wadogo, mimi napenda Jambiani siku za bamvua. Asubuhi hawaogelei, wanatembea baharini. Wanaona kaa, konokono, vile viti vya pweza (samaki nyota) vyekundu vimelala kwenye dimbwi, na akina mama wakifunga mwani kwenye kamba huku wakipiga soga. Wafundisheni kutazama bila kuokota, maana kiti cha pweza kikitolewa majini ili kupigwa picha huweza kufa. Na akina mama wale wako kazini: salimuni kwanza, na kabla ya kuwapiga picha ombeni ruhusa.

Kila mtu avae viatu vinavyokaa mguuni. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinatosha. Kandambili hubaki kwenye tope. Kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba wao ukivunjikia kwenye unyayo wa mtoto, siku yenu imekwisha. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Angalieni pia saa ya kugeuka, kwa sababu maji hayarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde ya mchanga, na unaweza kukuta mkondo umepita nyuma yako huku wewe bado umesimama pakavu. Mimi hugeuka mapema, hata watoto wakilia.

Paje nayo ni nzuri, ila upepo wa kusi au kaskazi ukishika kasi, vijana wanaovutwa na tiara hutawala maji, na kamba zao hazimjali mtoto mwenye boya. Chezeni mbali nao.

Kama mna vijana wanaotaka kuogelea kutwa nzima, nendeni Nungwi au Kendwa, huko kaskazini. Maji huko hayakimbii mbali, na karibu saa zote mtaingia. Mtalipia kwa njia nyingine: muziki wa usiku, watu wengi, na papasi (madalali wa watalii) kila hatua wakiwauzia safari za kwenda kutazama pomboo. "Hapana, ahsante, kaka" kwa tabasamu inatosha. Ukianza kujieleza umekwisha.

Mkienda na bibi, ulizeni ngazi. Baadhi ya hoteli zimejengwa juu ya mwamba, na njia ya kushuka ufukweni ni ngazi tupu. Picha hazizionyeshi.

Kuhusu malazi sina maneno mengi. Familia kubwa hupata nafuu kwenye nyumba yenye jiko kuliko vyumba vitatu vya hoteli, kwani unanunua samaki kwa wavuvi na kupika. Mkichagua hoteli, ulizeni bei ya wakazi, mtoto anahesabiwa mtu mzima akiwa na umri gani, na kama maji ya kunywa yamo kwenye bei. Jibu lije kwa maandishi.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Miezi ya kusi bahari huchafuka, na mwenye kichefuchefu akae katikati au nyuma, sitaha ya chini, akiwa amekula kidogo. Beba vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Shangazi anayekuja na pasipoti ya nje akumbuke bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Na nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Kijijini na Mjini funikeni mabega na magoti, na zaidi mkienda Ramadhani, ambapo kula hadharani mchana ni kuwakosea wenyeji adabu.

Usiku wa mwisho laleni Mjini, msije mkatoka Nungwi alfajiri mkikimbizana na boti. Mkitoka Paje au Jambiani, pitieni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, upo njiani. Kama muda upo, vukeni hadi kisiwa cha Changuu, chenye kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Watoto wangu waliwalisha majani hadi mimi nikachoka kusubiri. Jioni ni bustani ya Forodhani, penye meza za vyakula: urojo, juisi ya miwa, pizza ya Zanzibar. Pale uliza bei ya kila mshikaki kabla hujaanza kunyoosha kidole, kwa sababu ukishapakuliwa, bei ni ya mwenye meza.